Wageni Wasimame

Mume wake alimpata kwa sababu kanisa letu lilimkaribisha. Hakuna sababu nyingine. Hakuna jirani aliyemchongea, hakuna mtu aliyemfuata njiani, na yeye mwenyewe hakufanya uzembe wowote. Alikuwa amejificha vizuri kwangu, kwenye chumba cha nyuma ya karakana yangu ya makochi, na angekuwa salama mpaka leo kama watu wa Mungu wasingempigia makofi.

Mke wangu anafua mashuka kwenye zahanati. Jioni moja alirudi na kikapu chake begani, na nyuma yake mwanamke aliyemshika mtoto wa kike. Mkono mmoja wa yule mwanamke ulikuwa na bendeji kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mtoto alivaa sweta ya mtu mzima iliyokunjwa mikono mpaka ikafanana na maboya. Mimi nilikuwa nakula.

"Huyu nani?" niliuliza.

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wako. Sogea akae."

"Mama, mimi sina mgeni. Ningekuwa naye ningejua."

"Sasa umejua. Sogea."

Nilisogea. Mke wangu akachukua sahani yangu, akakata chakula changu katikati kama anayekata kitambaa, nusu ikaenda kwa yule mwanamke. Ya mtoto akaitoa kwenye sahani yake mwenyewe. Nilikula nimenuna. Sitaki kujipamba hapa: nilinuna, na binti zangu wawili walinitazama nikinuna, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu wakacheka.

Tulipomaliza, mke wangu aliniita uani, karibu na bomba.

"Ameketi kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi," alisema. "Alitibiwa, akaambiwa aende nyumbani, hakwenda. Mlinzi alitaka kumtoa ili afunge geti."

"Amevunjikaje?"

"Alibanwa mkono mlangoni. Makusudi."

"Na nani?"

"Na mwenye mlango."

Nikaelewa. Hasira yangu ikahama pale pale, ikatoka kwenye nusu sahani ikaenda mahali pake.

"Ameomba kitu kimoja tu," mke wangu aliendelea. "Tusimtaje. Tusiseme anaitwa nani, anatoka wapi, wala kwamba yupo. Hayo mengine, alale chini, ale makombo, kwake ni sawa tu."

"Hatalala chini kwenye nyumba ya fundi makochi."

"Hata mimi nilimwambia hivyo."

"Na tumwite nani?"

"Watoto watamwita mama mdogo. Wewe mwite shemeji. Yamekwisha."

Siku iliyofuata nilitoa marundo ya sponji kwenye chumba cha nyuma, nikaunganisha makochi mawili ya mteja ambaye alikufa kabla ya kuyachukua, nikawa nimemtengenezea kitanda. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko changu, na mke wangu hakuacha kunikumbusha.

Bendeji ilipotolewa, shemeji alikuja mwenyewe karakanani akaketi kwenye cherehani. Sikumwomba. Alikuwa akishona foronya za mito, mshono umenyooka, hana maneno mengi. Cherehani ilikuwa imeelekea ukutani kwa sababu taa ilikuwa huko. Mke wangu aliporudi kazini akaitazama mara moja tu, akashika upande mmoja.

"Shika huko," aliniambia.

Tukaigeuza ikatazama mlango, ili shemeji amwone kila anayeingia. Mimi nikahamisha taa. Hakuna aliyeuliza kitu, na shemeji alishona mchana ule mzima bila kugeuka nyuma hata mara moja. Mimi ndivyo ninavyoelewa kumkaribisha mtu. Unatazama anaogopa nini, halafu unasogeza meza.

Mtoto tulimwita Kifungo. Alikuwa na miaka minne, na makazi yake yalikuwa chini ya meza ya kukatia, kwenye sanduku la vifungo vya makochi. Alivipanga kwa rangi, na kila mara kimoja kilikuwa kinywani.

"Kifungo, tema."

"Sina kitu."

"Sasa kinachogonga meno ni nini?"

"Ni meno."

Kasoro yake ilikuwa moja, na haikuwa kasoro. Mama yake alikuwa amemfundisha kutaja majina yake matatu, lake, la baba na la babu, na jina la mji wao, kama tunavyowafundisha watoto wote ili wakipotea warudishwe kwao. Ukimuuliza anaitwa nani, alibana mikono kama askari na kuyatoa yote kwa pumzi moja. Mama yake alijaribu kumfuta yale maneno, lakini mtoto hafutiki kama ubao. Kwa sisi wa nyumbani alijibu "Kifungo." Kwa mtu aliyemwona wa maana, mwenye suti au sauti kubwa, askari alirudi. Kwa hiyo mteja yeyote aliyeinama kumuuliza jina, mimi niliwahi kujibu.

Sasa nifike kwa Mama Karibu.

Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya ukaribisho kanisani kwetu. Jina hilo alipewa na watu, naye alilipenda, akashonesha mshipi mpana wa kuvaa begani kwa mkingamo wenye neno KARIBU mbele na nyuma, ili hata ukiwa unaondoka akukaribishe. Anashika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili na hauachii mpaka mgeni atabasamu. Watu wanampenda. Hata mimi nilimpenda.

Kanisa letu limegawanywa kanda nne, na kila mwaka kuna Jumapili ya Wageni. Kila kanda inaleta wageni wake. Katikati ya ibada inaitwa kanda, kwaya inaimba, wageni wa kanda hiyo wanasimama, wanahesabiwa kwa sauti, na baadhi wanapewa kipaza sauti waseme wao ni nani na wametoka wapi. Kanda yenye wageni wengi inakabidhiwa bendera ya zambarau, inakaa nayo mwaka mzima. Asiyesimama hahesabiwi. Hiyo ndiyo sheria, na iliwekwa kwa sababu ya wizi, kwani mwaka mmoja kinyozi wa sokoni alihesabiwa kwenye kanda mbili na akanywa soda mbili. Tumefika hapo. Tunashindania wageni kama timu za mpira, na kanda yetu ilikuwa ya mwisho kila mwaka.

Mama Karibu ni wa kanda yetu. Alikuja karakanani kwa kisingizio cha kuuliza bei ya mito.

"Fundi, nasikia una mgeni."

"Nina shemeji."

"Shemeji ambaye hata kanisani hamleti? Watu wanauliza. Mwenzetu anakaa na mgeni wiki zote hizi, kanisa halijamwona, hatujamshika mkono, hatujamwimbia. Ubinafsi huo, fundi. Baraka huli peke yako chini ya meza."

Kifungo alichungulia kutoka chini ya meza. Mama Karibu akacheka, akanyoosha mikono. Nikamwambia mtoto arudi kupanga vifungo.

Shemeji alikuwa amesikia yote. Jioni alimwambia mke wangu kwamba kusema kweli, ibada aliitamani. Alikuwa mwimbaji kwao. Tangu atoroke hakuwa ameimba hata bafuni.

"Nikae tu nyuma kabisa," alisema. "Niimbe kidogo, nitoke kabla ya wengine."

Mke wangu hakutaka mambo ya kubahatisha. Alikwenda nyumbani kwa Mama Karibu, na mimi nikaenda naye, nikasimama pale pale mlangoni nikasikiliza kwa masikio yangu.

"Mama, mgeni wetu atakuja Jumapili," alimwambia. "Lakini asisimamishwe. Asiitwe, asipewe kipaza sauti, mtoto wake asiulizwe kitu. Kuna mtu anamkimbia, na mtu huyo si wa mchezo."

"Jamani, hilo tu?" Mama Karibu alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Hilo dogo. Mwacheni aje. Niachieni mimi."

Tukamwachia yeye.

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Shemeji alikaa benchi la mwisho, kati ya mke wangu na nguzo, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, Kifungo kapakatwa. Mimi nilikuwa upande wa wanaume na niliwaona vizuri. Kwaya ilipoanza, nilimwona shemeji akifungua mdomo. Mabega yake yalishuka. Kwa muda wa wimbo mmoja yule mwanamke alikuwa mtu asiyekimbia popote.

Mbele, kwenye kistuli, kulikuwa na simu iliyorusha ibada moja kwa moja. Haikuwa siri. Kila Jumapili ipo, tumeizoea kama feni.

Zikaitwa kanda. Ya kwanza, wageni kumi na tisa. Ya pili, ishirini na mbili. Ya tatu, kumi na sita. Ikaja yetu, wageni wakasimama, Mama Karibu akapita na mshipi wake akihesabu kwa sauti, na alipofika kwa wa mwisho ilikuwa ishirini na mbili. Sare. Niliona anavyosimama pale kati ya mabenchi. Nilimwona anageuza shingo. Nikajua, na nilikuwa mbali, na kati yetu kulikuwa na magoti ya watu.

"Kuna dada yetu pale nyuma!" alisema kwenye kipaza sauti. "Anaona haya! Kanisa, tumsaidie dada asione haya!"

Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikaanzisha wimbo wa wageni. Mke wangu alisimama akapunga mikono, hapana, hapana, na watu wakadhani anashangilia. Wahudumu wawili, kina mama wazuri, wapole, walimfikia shemeji wakamshika makwapa, wakamwinua huku wanacheka naye. Hao hawakujua. Mama Karibu alijua.

"Ishirini na tatu!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile kanisani. Shemeji aliinamisha uso. Mama Karibu akamfikia, akaona kwamba huyu hatasema, akashusha kipaza sauti kwa mtoto.

"Na wewe malaika, unaitwa nani?"

Kifungo akaona mshipi. Akaona kipaza sauti, na watu wote wale. Akabana mikono. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, na mji, kwa pumzi moja, sauti imenyooka, spika zikayapeleka hadi barabarani. Watu walivunjika mbavu. Mzee jirani yangu alifuta machozi kwa kucheka akaniambia, "Mtoto huyu atakuwa mbunge."

Mchana huo huo nilikwenda ofisini kwa mchungaji. Nilimkuta anakunywa chai, bendera ya zambarau imekunjwa mezani.

"Mchungaji, ile video iondolewe. Sasa hivi."

"Keti kwanza, fundi. Video ipi?"

"Ya leo. Yule mwanamke ana mtu anayemtafuta."

"Ah, yule wa mtoto!" Uso wake ukachangamka. "Umeona alivyotubariki? Vijana wamekikata kile kipande wamekiweka peke yake. Kinasambaa, fundi. Mpaka makanisa mengine wanatutumia salamu."

Nilisogea hadi mezani.

"Wamekikata? Wamekiweka wapi?"

"Kote."

"Mchungaji, mumewe alimvunja mkono. Mtoto ametaja baba yake na mji wao mbele ya dunia. Mnasubiri nini?"

"Usipaze sauti ofisini. Mambo ya mitandao yana kamati yake. Nitazungumza nao. Lakini na ninyi, fundi, mtu anakuja nyumba ya Mungu halafu mnamficha Mungu? Hofu nayo ni roho. Tumwombee."

"Mwombee baadaye. Futa kwanza."

"Tutakaa kama kamati."

Walikaa kama kamati. Walifungua kwa sala, nikaambiwa, wakafunga kwa sala, wakaamua kipande kiondolewe kwa heshima ya familia. Wakati huo kilikuwa kimeshaingia kwenye simu ambazo hakuna kamati inayoziweza.

Shemeji hakulia. Alikunja nguo zake zikaingia kwenye mfuko mmoja. Dada wa mke wangu, anayeishi mbali, alisema yuko tayari kuwapokea, ila arudi kwanza kutoka kwenye msiba. Jumatano, alisema. Walete Jumatano. Shemeji akauliza kama anaweza kumalizia mito ya mteja wakati anasubiri, maana akikaa bure anasikia miguu ya kila mpita njia.

Jumanne mchana mlango wa karakana ukajaa watu. Wa kwanza alikuwa Mama Karibu, na mshipi wake, siku ya kazi.

"Fundi! Bwana ametenda! Toka uone!"

Nyuma yake alikuwa mchungaji, na mzee mmoja wa kanisa. Na nyuma yao mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, Biblia kwapani, mfuko wa matunda mkononi. Hakuwa na pembe. Ungemkopesha nyundo bila kufikiri.

Cherehani ikanyamaza.

Shemeji alikuwa amemwona, kwa sababu tulimgeuzia cherehani itazame mlango. Lakini karakana yangu ina mlango mmoja, na dirisha lina nondo. Kumwona anayeingia hakukusaidii kitu kama huna pa kutokea. Hilo halikutupitia akilini, mimi wala mke wangu.

"Habari za kazi," yule mwanaume alisema kwa upole. "Poleni. Ndugu, ahsante sana kwa kuniangalizia familia yangu."

Alininyooshea mkono. Ukabaki hewani.

"Alikuja kanisani asubuhi kama mgeni," Mama Karibu alisema, macho yamelowa. "Peke yake, maskini, hajui mtu. Nimempokea mwenyewe. Amekunywa chai kwa mchungaji, ameeleza yote, amelia. Nikasema mimi nampeleka! Nimewaletea furaha mpaka mlangoni, fundi, na umekunja uso?"

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Nimeunganisha nyumba."

Mchungaji akasogea. "Fundi, ndugu yetu ametubu. Mbele yangu, kwa machozi."

"Lini?"

"Sasa hivi, ofisini."

"Na umemjua tangu lini?"

"Toba haihitaji kujuana."

"Muulize mkono wa mkewe ulivunjikaje."

Mchungaji akamtazama. Yule mwanaume akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonewa.

"Mlango ule una upepo," alisema. "Nimeshaurekebisha."

Nikachukua nyundo. Sikuwa na mpango, mkono ndio uliokwenda. Nikasimama mbele ya cherehani. Mzee wa kanisa akanikamata kiuno, mchungaji akanikamata mkono wenye nyundo, na katika kusukumana kule nikasikia sauti ndogo kutoka chini ya meza ya kukatia.

"Baba?"

Sikumlaumu, na simlaumu leo. Ana miaka minne na yule ni baba yake. Hakuwahi kumpiga yeye. Alichuchumaa tu akafungua mikono, na Kifungo akatoka chini ya meza mbio, vifungo vikamwagika sakafuni, akamrukia shingoni. Mama Karibu alipiga makofi. Nitayasikia yale makofi nikiwa kaburini.

Yule mwanaume akainuka na mtoto. Hakumgusa mkewe, hakumwita, hata hakumtazama. Alimwambia mtoto, "Twende kwenye gari, mama anakuja," akatoka.

Basi. Hakuhitaji kufanya zaidi ya hapo.

Shemeji alikata uzi. Akazima taa ya cherehani. Akapita upande wa meza, akafika tulipokuwa tumeng'ang'aniana wanaume watatu kama wapumbavu.

"Shemeji, nipishe."

"Huendi popote."

"Mtoto yuko kwenye gari. Nipishe."

"Nitamleta mimi. Niachieni, nyie! Nitamleta!"

"Ukigusa gari ataondoka naye, sitamwona tena. Namjua. Nipishe, shemeji. Mwambie dada..." Hakumalizia. Mfuko wake uliofungwa tangu Jumapili aliuacha.

Wale wawili hawakuniachia mpaka gari likakata kona. Mchungaji akanyoosha koti lake.

"Hasira ya mwanadamu, fundi," alisema.

"Toka karakanani kwangu."

Polisi waliniuliza maswali mafupi. Alichukuliwa kwa nguvu? Hapana. Aliingia garini kwa miguu yake? Ndiyo. Mwenye gari ni mumewe wa ndoa? Ndiyo. Mchungaji alikuwepo akiona? Alikuwepo. Askari akaweka kalamu chini. "Sasa mzee wangu, hapa unataka nimkamate nani?"

Mke wangu aliporudi kazini alikuta vifungo bado viko sakafuni. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akavua kanga ya kazini, akavaa ya kutokea, akaenda kwa Mama Karibu, nami nyuma yake. Nilidhani atapiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, ikanitisha zaidi.

"Ulijua. Nilikuambia kwa kinywa changu, hapa hapa ulipokaa."

"Mlisema kuna mtu anamkimbia." Mama Karibu alikuwa analia tayari. "Sikujua ni mume."

"Ungejua ingekuwaje?"

Akafikiri. Nampa haki hiyo, alifikiri kweli.

"Mume si mtu baki," alisema.

"Na ulipomsimamisha? Hapo mume alikuwa hajaja. Hapo ulikuwa unafikiri nini?"

"Ilikuwa sare, dada. Nilitaka mtu mmoja tu."

Mke wangu akainuka akatoka. Mama Karibu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mazoea, nadhani. Nikauchomoa.

Jumapili iliyofuata kanda yetu iliitwa mbele kuonyesha bendera. Nikaenda nao, nikachukua kipaza sauti kabla ya mtu mwingine, nikasema: "Mgeni wa ishirini na tatu tumemkabidhi kwa aliyemvunja mkono. Mliompigia makofi, mpigieni na kwa hilo." Nilitaka kuendelea lakini spika zilizimwa. Kwaya ikaanzisha wimbo. Watu waliimba wakitazama vitabu vyao kwa bidii, wimbo ambao wanaujua kwa kichwa tangu utotoni. Mimi na mke wangu tulitoka kwa mlango wa mbele, katikati ya mabenchi, taratibu. Hakuna aliyetushika mkono.

Simu ilipigwa zahanatini miezi miwili baadaye, na muuguzi, kutoka hospitali ya huko kwao. Mgonjwa hana ndugu anayemtaja, alisema, anataja tu mwanamke mfua mashuka. Mke wangu aliomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaenda.

Alirudi naye. Yuko hapa. Chumba cha nyuma kina mlango wa pili sasa, niliutoboa mwenyewe, unatokea uani kwa jirani, na jirani anajua, na hakuuliza. Asubuhi binti zangu wanamfunga shemeji vishikizo vya gauni kabla hawajaenda shule. Mke wangu anamkatia mkate. Haimbi. Watu wa ustawi wa jamii wanasema suala la mtoto linashughulikiwa, tuwe na subira, baba ana kazi na ana barua nzuri ya mchungaji.

Gharama ya ukaribisho ule ni hii. Mkono wa kulia, umevunjwa mahali pawili, hautanyooka. Vidole vitatu vya mkono huo, havikunji tena kushika sindano. Meno mawili ya mbele. Sikio moja, la kushoto, halisikii. Mtoto mmoja wa kike, ametimiza miaka mitano kwa bibi yake mzaa baba, na mama yake hakuwepo.